Jinsi ya kupima sheria ya kuhalalisha bangi, na utalii unaokuja nayo

Mjadala wa bangi ukifika bungeni, redioni au kijiweni, watu hugawanyika pande mbili hata kabla hawajaambiwa kinachopendekezwa ni nini. Huyu anataja mapato ya Colorado, jimbo la Marekani, yule anataja vijana walioharibikiwa akili, na wote wawili wanaweza kuwa wanasema kweli. Faida na hasara hukaa kwenye vifungu vidogo: nani analima, nani anauza, nani haruhusiwi kununua, bangi iwe na nguvu gani na iuzwe kwa bei gani. Mwongozo huu ni wa diwani, mwandishi wa habari, mwenye hoteli, mzazi au mwanaharakati aliyeletewa rasimu ya sheria akaombwa maoni. Mwishoni kuna sehemu ya msafiri, kwa sababu Waswahili wengi wanaishi au wanapita katika nchi ambazo bangi inauzwa dukani, na wanaumia kwa kutojua sheria inaishia wapi.

Ieleweke tangu mwanzo kwamba Tanzania, Kenya na Uganda kuvuta bangi kwa starehe bado ni jinai, na kusafirisha kunaweza kumfunga mtu miaka mingi.

Jua kwanza ni sheria ya aina gani

Chukua kalamu, pigia mstari kila mahali panapotajwa kumiliki, kulima, kuuza, kusafirisha na kutangaza. Kando ya kila kitendo andika mambo matatu: nani, kiasi gani, wapi. Pakibaki wazi popote, jua kwamba pengo hilo litajazwa na askari wa doria usiku kabla halijajazwa na mahakama.

Ukimaliza utaona rasimu yako imeangukia katika mojawapo ya makundi haya. Ureno, tangu 2001, mtu akikutwa na bangi isiyozidi gramu 25 hafunguliwi kesi ya jinai. Anaitwa mbele ya jopo dogo la watu wa sheria, afya na ustawi wa jamii. Kuuza kumebaki kosa. Afrika Kusini, Mahakama ya Katiba iliamua Septemba 2018 kwamba mtu mzima anaweza kulima na kuvuta faraghani, na sheria ya kutekeleza uamuzi huo ikasainiwa Mei 2024. Duka bado haliruhusiwi. Uholanzi inavumilia mauzo madogo bila kuyahalalisha kikamilifu. Uruguay kwa sheria ya 2013, Colorado kwa kura ya 2012 na Canada tangu Oktoba 17, 2018, zimefungua soko lenye leseni. Halafu kuna Lesotho, Malawi na Rwanda, zilizoruhusu kilimo cha tiba au cha kuuza nje. Mkazi wa Kigali akikutwa na msokoto mfukoni, leseni ya shamba la kampuni haimsaidii kitu.

Kuchanganya makundi haya ndilo kosa kubwa la mijadala yetu. Hoja ya marehemu Ken Okoth, mbunge wa Kibra nchini Kenya, mwaka 2018 ilimgusa mtumiaji na adhabu anayopewa. Ahadi ya George Wajackoyah katika kampeni za urais wa Kenya za 2022 iliegemea kuuza bangi nje ili kulipa deni la taifa. Hayo ni mambo mawili yenye faida tofauti na hatari tofauti, lakini redioni yalijadiliwa kama jambo moja.

Hapa tuna msimamo. Kama lengo lako ni kijana asipoteze miaka gerezani kwa msokoto mmoja, kuondoa adhabu ya jinai kunatosha na gharama yake ni ndogo: huhitaji duka, maabara wala mamlaka mpya. Kama lengo ni kodi na bidhaa iliyopimwa ukungu na dawa za wadudu, unahitaji soko, na soko linahitaji serikali yenye uwezo wa kukagua kila siku. Muulize anayeleta rasimu analenga lipi kati ya hayo mawili. Akisema yote, muulize wakaguzi ni wangapi na watalipwa kutoka fungu gani.

Fuata mzigo kutoka shambani mpaka kaunta

Uholanzi ndiyo shule nzuri kuliko zote, kwa sababu imefanya jambo moja kwa muda mrefu na kasoro yake inaonekana wazi. Sheria ya dawa za kulevya ilirekebishwa mwaka 1976, ikatenganisha dawa hatari zaidi na bangi. Kutokana na hapo yakakua maduka yanayoitwa kofishopu. Duka linaachwa lifanye kazi likitimiza masharti matano: halitangazi biashara, haliuzi dawa kali, halileti kero mtaani, haliuzii walio chini ya miaka 18, na halimpi mtu zaidi ya gramu 5 kwa siku. Akiba ya dukani isizidi gramu 500.

Sasa piga hesabu. Duka likiwa na wateja 300 na kila mmoja akachukua gramu 2, zimeshakwenda gramu 600, zaidi ya akiba inayoruhusiwa. Kwa hiyo mzigo huletwa kidogo kidogo mara kadhaa kwa siku, kutoka nyumba ya kuficha iliyo karibu. Kulima mzigo huo na kuuleta dukani kote ni kosa. Mwenye duka analipa kodi ya mapato kwa alichouza, lakini hawezi kuonyesha risiti halali ya alichonunua. Mlango wa mbele uko chini ya sheria, mlango wa nyuma uko mikononi mwa magenge, na fedha za mtalii zinatoka mbele kwenda nyuma kila jioni.

Ilichukua miongo kabla ya serikali kujaribu kuuziba mlango huo. Jaribio la wakulima wenye leseni lilianza Desemba 2023 katika miji ya Breda na Tilburg, na tangu Aprili 7, 2025 maduka ya miji kumi inayoshiriki yanatakiwa kuuza bangi ya wakulima hao peke yake. Amsterdam haimo.

Kwa rasimu iliyo mbele yako, fanya hivi: chora mstari kutoka mbegu hadi mteja, na kwenye kila kituo andika kifungu kinachokiruhusu. Kituo kimoja kikikosa kifungu, hapo ndipo genge litakapokaa. Kisha angalia gharama ya leseni. Uzio, kamera, maabara na vibali vya kuuza Ulaya hugharimu fedha ambazo mkulima wa kilimani Arumeru au Tarime hana. Lesotho ilikuwa ya kwanza Afrika kutoa leseni za kilimo cha tiba, mwaka 2017, na walionufaika zaidi ni makampuni yenye mitaji kutoka nje. Waliokuwa wakilima kwa vizazi walibaki nje ya uzio. Rasimu isiyotenga sehemu ya leseni kwa vyama vya ushirika, kwa ada wanayoimudu, itawaacha wakulima hao wakiwa wahalifu na soko lao likiwa limechukuliwa.

Kama rasimu inahusu katani ya viwandani, ile bangi isiyolewesha, tazama kiwango cha THC kilichowekwa. THC ndiyo kemikali inayolewesha. Nchi nyingi zinaweka kikomo cha asilimia 0.3. Mbegu iliyozalishwa kwa hali ya hewa ya baridi ikipandwa karibu na ikweta inaweza kuvuka kikomo hicho bila mkulima kufanya kosa lolote, na shamba zima likaamriwa lichomwe. Kifungu cha fidia au cha kupimwa mapema shambani lazima kiwemo.

Amua mapema kuhusu mgeni

Hiki ndicho kifungu kinachosahauliwa mara nyingi, na ndicho kinachogeuza sheria ya wenyeji kuwa biashara ya utalii. Usipomtaja mgeni, umemkaribisha.

Maastricht, mji wa Uholanzi ulio karibu na mipaka ya Ubelgiji na Ujerumani, ulikuwa ukipokea takriban watu 10,000 kwa siku kwenye kofishopu zake, na asilimia 70 yao hawakuwa wakazi wa nchi. Mji ukawazuia, mwenye duka mmoja akapinga, na Desemba 2010 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikaamua kwamba kuwazuia kunaruhusiwa. Mei 2012 serikali ikaja na kadi ya uanachama katika majimbo ya kusini: bila kadi hununui. Kilichoharibika ni hiki: wenyeji wengi walikataa majina yao yaandikwe kwenye orodha ya wavutaji, wakaenda kununua barabarani, na wauzaji wa barabarani wakaongezeka. Mwisho wa mwaka kadi ikafutwa, ikabaki sharti la kuonyesha kuwa wewe ni mkazi, na utekelezaji ukaachiwa kila manispaa. Maastricht inatekeleza. Amsterdam haitekelezi, ingawa meya Femke Halsema alipendekeza hivyo mwaka 2021.

Kwa hiyo ukitaka kumzuia mgeni, dai kitambulisho cha ukazi mlangoni na usitunze orodha. Ujerumani, iliyobadili sheria Aprili 1, 2024, ilichukua njia nyingine: hakuna duka, kuna vyama vya wakulima visivyozidi wanachama 500, na mwanachama awe ameishi nchini angalau miezi sita. Uruguay inawauzia raia na wakazi waliojiandikisha tu, gramu 40 kwa mwezi, na duka la dawa linathibitisha kwa alama ya kidole. Mtalii anayeshuka meli Montevideo hana njia halali ya kununua.

Na ukitaka kumruhusu? Andika kwanza atavutia wapi. Mgeni hana sebule. Hoteli inakataza moshi, barabarani ni kosa, gari la kukodi ni kosa zaidi. Colorado ilipofungua maduka Januari 2014 bila kumaliza swali hilo, wageni wengi walielekea kwenye biskuti na peremende zenye bangi, ambazo hazina harufu. Machi mwaka huo kijana wa miaka 19 alikufa Denver baada ya kula biskuti moja yenye miligramu 65 za THC. Muuzaji alikuwa ameelekeza kwamba biskuti igawanywe vipande sita. Kijana alikula kipande, akasubiri kati ya nusu saa na saa nzima, hakuona kitu, akamaliza iliyobaki. Saa chache baadaye alikuwa amechanganyikiwa, akaruka kutoka ghorofani.

Sababu yake ni ya kimwili kabisa. Moshi hufika kwenye ubongo ndani ya dakika chache. Kinachopita tumboni huchukua dakika 30 hadi saa 2 kuanza, hufikia kilele baada ya saa kadhaa, na kinaweza kukaa saa 6 hadi 12. Mgeni anayengoja nusu saa na kuongeza anajilundikia dozi. Baada ya vifo na ajali za aina hiyo Colorado ililazimisha kila sehemu ya miligramu 10 ifungwe au ichorwe peke yake. Canada iliweka kikomo cha miligramu 10 kwa pakiti nzima. Kikomo cha Canada ni bora. Hakimlazimishi mteja kufanya hesabu.

Kuna hatari nyingine: mtalii aliyefuata bangi huonwa na wauzaji wa mitaani kama mnunuzi wa kila kitu. Amsterdam, mwaka 2014, watalii walikufa baada ya kuuziwa heroini nyeupe wakiambiwa ni kokeini, na jiji likaweka mabango makubwa mitaani kuonya wageni. Miaka tisa baadaye, Mei 2023, lilipiga marufuku kuvuta bangi katika barabara za De Wallen, eneo lake la madanguro, faini euro 100, kwa sababu wakazi walikuwa hawalali. Mwaka huohuo liliendesha kampeni ya kuwaambia vijana wa kiume wa Uingereza wanaokuja kulewa wasije. Mji uliokuwa mfano wa utalii wa bangi ukawa unalipia matangazo ya kuufukuza.

Thailand ni somo la haraka ya kupita kiasi. Bangi iliondolewa kwenye orodha ya dawa za kulevya Juni 9, 2022, kabla bunge halijapitisha sheria ya kusimamia mauzo, na muswada huo haukupita. Maelfu ya maduka yakafunguliwa. Kilichoweza kutumika kudhibiti ni kanuni za afya: kuvuta hadharani kukawa kero inayoweza kumpeleka mtu jela miezi mitatu au kumtoza baht 25,000. Uingereza ikaanza kukamata masanduku yaliyojaa bangi kutoka Bangkok, yamebebwa na vijana waliolipiwa tiketi. Juni 2025 serikali ikageuza mwelekeo: bila cheti cha daktari huuziwi. Waliokopa kufungua maduka walibaki na rafu.

Mtu anayeota bangi ya kitalii Zanzibar, Diani au Lamu ajibu kwanza haya, kwa maandishi na kwa tarakimu: askari wa usiku watalipwa na nani, kituo cha afya kilicho karibu kina nani zamu ya usiku anayejua kumhudumia mtu aliyezidisha, na familia zinazokuja sasa kwa ajili ya bahari na mji mkongwe zitaendelea kuja? Kodi ya bangi huingia hazina kuu. Kelele, takataka na wapiga debe hubaki kwenye shehia.

Bei, nguvu, benki

Bei ya halali ikizidi sana ya kijiweni, kijiwe kinashinda. California ilianza mauzo Januari 2018 ikiwa na kodi juu ya kodi, na manispaa nyingi zikakataa maduka katika maeneo yao. Ilibidi ifute kodi ya kilimo Julai 2022, na soko haramu halijaondoka. New York ilichelewesha leseni, maduka yasiyo na leseni yakajaa kila kona kabla ya yale halali. Kwa hiyo linganisha: bei ya leo ya gramu moja mtaani, kisha bei ya dukani baada ya kila ushuru ulioandikwa kwenye rasimu.

Ukiishusha sana, wanaotumia kila siku wanaongezeka, na hao ndio wenye hatari. Utafiti wa 2019 katika miji ya Ulaya na Brazil uliona kwamba wanaovuta kila siku bangi yenye THC ya asilimia 10 au zaidi walikuwa na uwezekano karibu mara tano wa kupata ugonjwa wa akili wa kupoteza uhalisia, wakilinganishwa na wasiovuta kabisa. Ndiyo maana kodi inayofuata nguvu ya THC ina mantiki kuliko kodi inayofuata uzito. Uruguay ilikwenda upande wa pili, ikaanza na bangi dhaifu mno kwenye maduka ya dawa. Wanunuzi walilalamika, na serikali ikalazimika kuongeza aina zenye nguvu zaidi.

Benki haizungumzwi sana mpaka siku inapofunga mlango. Mwaka 2017 maduka ya dawa ya Uruguay yaliyouza bangi kihalali yalianza kufungiwa akaunti, kwa kuwa benki za Marekani zilizounganishwa na benki za nchini humo zinafuata sheria ya shirikisho la Marekani. Nchi yoyote ya Afrika Mashariki inayotegemea dola itakutana na ukuta huohuo. Muulize gavana wa benki kuu kabla ya kupiga kura.

Barabarani tatizo ni la kipimo. Pombe hupimwa kwa pumzi na kiwango chake huendana na ulevi. THC hubaki mwilini muda mrefu baada ya ulevi kuisha, na kifaa cha askari cha kupulizia hakiioni. Ujerumani imeweka kikomo cha nanogramu 3.5 kwa mililita ya majimaji ya damu (serum), tangu Agosti 2024, ambacho kinahitaji maabara. Rasimu isiyotaja maabara na nani atatoa damu haina kifungu cha barabarani, hata kama imeandika adhabu kali.

Dai pia takwimu za mwanzo, zikusanywe angalau mwaka mmoja kabla ya sheria kuanza: waliokamatwa kwa kumiliki tu, watoto waliofikishwa hospitali kwa kula bidhaa zenye bangi, ajali zenye damu iliyopimwa, bei ya mtaani. Bila hizo, baada ya miaka mitano kila upande utadai umeshinda na hakuna atakayeweza kupinga.

Kwa anayesafiri au anayeishi nje

Duka likiwa halali, sheria yake haivuki nawe mpaka. Canada inaruhusu mtu mzima kubeba gramu 30 hadharani, lakini kuitoa au kuiingiza nchini ni kosa, hata kama unakwenda jimbo la Marekani ambalo nalo limehalalisha.

Marekani, asiye raia awe mwangalifu kuliko wote. Sheria ya uhamiaji ni ya shirikisho, na kwa shirikisho bangi bado ni haramu. Kukiri kwa ofisa kwamba umevuta, au kuajiriwa kwenye duka la bangi lenye leseni ya jimbo, kunaweza kuharibu ombi la viza, makazi ya kudumu au uraia, hata bila kesi yoyote. Usiseme uongo kwenye fomu, kwa kuwa uongo una adhabu yake. Muone mwanasheria wa uhamiaji kabla ya mahojiano, na usiweke picha za msokoto kwenye simu wala mitandaoni. Canada, kuendesha gari ukiwa umelewa bangi kumehesabiwa kosa zito la uhamiaji tangu Desemba 2018, na mwenye makazi ya kudumu anaweza kuyapoteza.

Anayerudi Nairobi, Dar es Salaam au Zanzibar kupitia Dubai asidhani kwamba kubadilisha ndege tu kunamweka nje ya sheria ya pale. Mwaka 2008 msafiri mmoja alihukumiwa miaka minne baada ya kukutwa na chembe ya gramu 0.003 kwenye soli ya kiatu. Falme za Kiarabu zimelegeza baadhi ya adhabu tangu 2022, lakini bangi iliyomo mwilini bado inaweza kukufikisha mahakamani. Kwenye mkojo mtu aliyevuta mara moja huonekana siku 3 hadi 4. Anayevuta kila siku anaweza kuonekana mwezi mzima au zaidi. Kwa hiyo anayejua anapita Ghuba asiguse kitu wiki kadhaa kabla.

Kabla ya kufunga begi, toa kila kitu mezani. Kung'uta mifuko ya koti na chini ya kitambaa cha ndani cha sanduku. Ondoa mafuta ya CBD (kemikali ya bangi isiyolewesha), losheni, vidonge vya usingizi na peremende zozote ulizopewa kama zawadi bila lebo kamili. Nyingi zina chembe za THC ambazo kifaa cha uwanja wa ndege kinaziona. Cheti cha daktari wa Bangkok au Toronto hakina nguvu Doha wala JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi. Na sanduku la mtu mwingine, hata la ndugu anayesema ni nguo za mtoto, lifunguliwe mbele yako kipande kwa kipande, au likae.